Gunia la Mama Chebet Mchana wa Jua

Kericho, kambi ya wachuma chai

Dada yangu Mideva,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi na watoto tu wazima, mvua tu ndiyo inatuchosha. Nyinyi je? Mguu wa Baba umepona, au bado anaukemea kama punda?

Dada, unanijua nilivyo mdadisi. Asubuhi sisi wachumaji hufunga gunia kiunoni ili umande wa majani usitulowanishe, na jua likiwaka tunalifungua. Lakini jirani yangu Mama Chebet, mtu mwenye wajukuu, halifungui hata mchana, tena amelizungushia nyuma. Nikamwuliza, nikarudia kumwuliza, mpaka akachoka nami. Kumbe damu ilikuwa imemrudia, na siku zake zilikwisha koma zamani. Yeye alikuwa anafurahi.

"Mimi nilifikiri nimerudi kuwa msichana," akaniambia.

Nikamkokota hospitali. Daktari alikwangua kidogo ndani ya nyumba ya uzazi, akapima, ikaonekana ni kansa. Akapasuliwa, nyumba yote ikatolewa.

Sikuweza kutulia. Nilimfuata dresa anayefunga vidonda pale wodini: mbona damu bila maumivu? Watu hupona? Akasema ugonjwa huu huwapata zaidi waliokwisha acha kuona siku zao, na damu ndiyo hutangulia. Wanaowahi, wengi hupona.

"Hii kitu ikipatikana ndani ya nyumba, tunaitoa pamoja na nyumba," alisema. "Ikishatoka nje, kisu haiwezi kuifuata."

Kwenye kitanda cha pili alilala mama mmoja kutoka Sigowet, mwenye ugonjwa huohuo, aliyengoja mpaka tumbo likavimba. Juzi watu wake walikuja kuuchukua mwili. Mama Chebet amerudi kambini, anapalilia mboga zake na kulalamika kwamba mimi ni msumbufu.

Nisalimie Baba, shemeji, na yule shangazi anayesali kwa sauti kumshinda mchungaji.

Sasa nije kwako. Katika barua yako ulinitania kwamba ujana umekurudia, umeanza tena kufua vitambaa kama msichana. Siku ile nilicheka hadi watoto wakashangaa. Leo naogopa, dada. Basi la Kisumu linafika hapa, na kitanda changu kinatutosha wawili. Usimngoje shemeji amalize kuvuna. Ujana haurudi. Njoo.

Mdogo wako msumbufu,
Kageha