Ulijua Kwa Nini Silali

Langas, Eldoret
Tarehe 9 Juni

Dada Nyokabi,

Natumaini mko wazima huko Ainabkoi, na kwamba baridi haikuharibu viazi. Hapa mvua imenyesha vizuri, na kuku wa mume wangu Mbuthia wameanza kutaga.

Mwezi wa nne binti yako Nyaguthii alinipeleka kliniki. Daktari aliniuliza maswali mengi, kisha akasema kukosa kwangu usingizi, na lile joto linalonilowesha shuka, ni homoni zilizopungua tangu hedhi ikome. Akasema inatibika. Nilitoka nikilia, Nyaguthii akanishika mkono. "Usijali, Anti. Hata Mama alitibiwa hivyo miaka minne iliyopita."

Miaka minne, Dada. Mwaka jana nilipopiga magoti mbele ya kanisa zima ili nitolewe pepo waliyesema ananinyima usingizi, wewe ndiwe uliyenishika bega. Mchungaji aliuliza kama kuna anayejua chanzo cha shida yangu, ukainamisha kichwa. Nikaondolewa kwenye kwaya. Mbuthia akahamia chumba cha watoto, akimwogopa mke wake mwenyewe. Nawe ulikuwa na dawa kwenye mkoba.

Najua uliona aibu kutaja mambo ya kike mbele za watu. Lakini mimi ungeninong'oneza.

Mbuthia amerudi chumbani. Kwaya sijarudi. Siku utakayoweza kunieleza, nipigie simu mchana, kwa sababu usiku sasa ninalala.

Mdogo wako,
Waiyego