Blanketi Lenye Masikio Manne

Jumatatu, mwisho wa Januari. Jua kali na upepo wa vumbi. Niko saiba hapa Kitale, kwenye kompyuta ya kukodi, naandika kwa vidole viwili. Mgongo unauma kama kawaida, lakini leo sina hasira nao.

Lori limeondoka asubuhi.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza, kazi yangu ni kushona midomo ya magunia kwenye stoo ya mahindi Moi's Bridge. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Gunia likijaa nalishona kwa sindano ndefu na uzi wa katani, kisha pembe mbili za mdomo nazikunja na kuzifunga zitokeze kama masikio, ili mpakiaji apate pa kushika. Halafu linaenda. Yote huenda. Sijawahi kushona kitu kikabaki changu.

Nyumbani ni Mwingi, mbali sana na hapa. Msichana wangu Mwende ameitwa Form One na anaingia wiki hii. Kwenye karatasi ya shule wameandika blanketi moja. Mke wangu aliniambia kwa simu kwamba ameazima la jirani, watalirudisha muhula ukiisha. Nilisema sawa. Nilipokata simu sikuwa sawa. Mtoto alale bwenini na blanketi la kuazima, na baba yake yuko hai na ana mikono.

Mama Sela ndiye anayetuuzia chai getini. Aliwahi kuniona nikishona turubai la stoo lililopasuka. Akaniambia kikundi chao cha akina mama wa kanisa kina semina ya mwisho wa wiki Kamukuywa, nyumbani kwa Mwalimu Rispa, aliyefundisha sayansi kimu mpaka akastaafu. Wanashona mablanketi ya viraka. Ijumaa unakata vitambaa, Jumapili unaondoka na blanketi lako. Nilijua lori la kwenda Mwingi linapakiwa Jumatatu. Nikaomba ruhusa.

Wapakiaji walicheka mpaka wakakaa chini. Wafula, ambaye hubeba magunia ninayoshona, aliniuliza, "Sasa tukuite mama nani?"

Nakiri, nusura nisiende.

Boma la Mwalimu liko juu kidogo, na ukiinua macho unaona Elgon yote. Walikuwa akina mama tisa na mimi. Meza ndefu zilipangwa uani, na vitambaa vilivyobaki kwa mafundi wa nguo vimejaa kwenye mabeseni, rangi za kila namna. Mimi nilileta dasti koti langu kuukuu la kazi na leso ambayo mke wangu alinifungia chakula nilipoondoka nyumbani. Nilikuwa nimeitunza tu, sijui kwa nini. Nikaikata.

Akina mama walilala ndani ya nyumba, mimi nikapewa ghala. Nimekimbia mahindi nikalale na mahindi. Lakini nilipikiwa. Kuku, ugali, mboga ya saga yenye maziwa, na chai ambayo sikuambiwa niinywe haraka. Miaka mingi sijakaa kwenye kiti siku nzima. Sikujua mtu anaweza kufanya kazi na kupumzika kwa wakati mmoja.

Ijumaa hiyo niliaibika. Nilikuwa nimezoea hatua ya sindano ndefu kama kidole. Mwalimu alitazama viraka vyangu, akaingiza kidole kwenye mshono, kikapita hadi upande wa pili. Akaniambia nifumue vyote. Nilishuka nyasini nikavuta pumzi. Nilikaribia kuchukua mfuko wangu niende. Nikakumbuka blanketi la jirani, nikarudi nikafumua.

Jumamosi mkono ulielewa. Hatua ndogo, moja baada ya nyingine. Mwalimu alipita, akavuta mshono kwa nguvu, akaenda bila kusema neno. Mama Sela aliniambia huko ndiko kusifu kwake.

Mchana ikafika kazi ya kushikanisha. Juu viraka, katikati sweta za mitumba zilizokatwa zikatandazwa, chini kitambaa kizima. Kwenye pindo la pembeni unene ni mwingi na sindano inakataa. Akina mama walivaa vikofia vya chuma vidoleni na bado walijichoma. Mimi kidole changu ni kigumu kuliko hicho kikofia. Nikapitisha sindano yangu kama ninaingiza kwenye ndizi. Mmoja akaniletea pembe yake nimshonee, kisha mwingine. Hadi jioni nilikuwa nimeshona pembe za watu watano. Wakaacha kuniita yule mwanaume wa Mama Sela. Nikawa Baba Mwende.

Nilifurahi. Naandika wazi, nilifurahi sana.

Wakawa wanaimba, nami nikamalizia pindo la blanketi langu huku nikiitikia. Akili iko kwenye wimbo, mikono inafanya inachojua.

Jumapili baada ya ibada tulitandaza kazi nyasini Mwalimu akague. Alipofika kwangu alisimama.

"Baba Mwende, hii ni blanketi ama ni gunia?"

Nikatazama. Kwenye pembe zote nne nilikuwa nimefunga masikio.

Walicheka, hata mimi. Mama Sela akasema, "Si ni sawa, bana. Mtoto akichelewa kuamka, wamwinue na blanketi yake wampeleke darasani."

Mwalimu akanipa makasi. Akasema nikate hizo pembe, ninyooshe, kuna wakati. Nilishika makasi, na kicheko kikaniisha.

Kila mshonaji ana namna yake ya kufunga sikio. Mimi nazungusha uzi mara tatu, kisha naurudisha chini yake. Mwende akiwa mdogo nilimfundisha kwa gunia la kunde. Mwaka jana mahindi ya huku yalifika sokoni Mwingi, na alinipigia simu kwa furaha, "Baba, nimeona gunia lako." Aliyashika masikio mbele ya mwenye duka akamwambia hii ni kazi ya baba yake. Siku hiyo nilishona mpaka jioni bila kuchoka.

Nilimweleza Mwalimu hayo. Nikamrudishia makasi. Nikasema, "Mwalimu, akiyaona masikio haya, hatahitaji kuambiwa na mtu limetoka kwa nani."

Mwalimu aliinama akavuta sikio la kwanza, la pili, la tatu.

"Basi yaache," akasema. "Lakini hii ya tatu imelegea. Kaza."

Nikakaza.

Leo asubuhi nililipeleka blanketi stoo. Wafula aliligeuza huku na huku, akalishika masikio. Baadaye akaniuliza semina nyingine iko lini.

Nilichukua gunia jipya, nikaliweka blanketi ndani, nikashona mdomo mwenyewe na kumkabidhi dereva, ambaye ni mtu wa kwetu. Kesho nitarudi kwenye magunia ya watu, na mgongo utauma vilevile. Nitauliza tu moyoni, blanketi limefika wapi sasa?

Mwende atayajua masikio ya hilo gunia kabla hajalifungua. Akilifungua, atakuta mengine manne.