Chupa ya Harusi ya Mkawasi

Jumanne, 10 Juni

Mvua imeanza kabla ya alfajiri na mpaka sasa haijakatika. Bati la jikoni linavuja palepale pa siku zote, nimeweka sufuria. Sina hamu ya kuandika, lakini nikiacha leo, kesho pia nitaacha.

Leo tumeifungua ile chupa.

Niandike kwa utaratibu. Jana hospitalini daktari aliniita kando, mume wangu, Baba Mkawasi, akiwa ndani bado anavaa shati. Aliniambia tiba ya miale haikuuzuia ugonjwa wa koo, na kwamba harusi ya mtoto wetu ya Desemba tusimpe mgonjwa matumaini nayo. Njiani akaniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia amesema tuendelee na dawa. Hakuuliza tena. Baba Mkawasi akinyamaza namna ile, ujue ameshaelewa.

Asubuhi, baada ya uji ulioshuka kwa taabu, alinyoosha kidole kwenye kabati.

"Mama Mkawasi, ishushe."

"Nishushe nini?"

"Wajua."

Ni chupa ndogo, nusu ya chupa ya kawaida. Alipewa alipoacha kazi kwenye stoo ya mvinyo kule Mbaraki. Tajiri wake Mwitaliano alikuwa anafunga biashara arudi kwao. Ni mvinyo mtamu, wa kunywewa kidogokidogo baada ya chakula, na umetoka kwenye zabibu nyeupe zisizopatikana ovyo. Pikoliti, ndivyo alivyoziita. Alinieleza kwamba mzabibu wake huchanua vizuri, kisha maua mengi hupukutika, shada zima likabaki na punje chache tu. Utamu wote wa shada huingia kwenye hizo chache. Alinieleza mara moja tu, nami nikajua anawaza nini. Mimba zetu tatu zilitoka. Akabaki Mkawasi.

Ndiyo maana alisema chupa itafunguliwa siku ya harusi ya Mkawasi, si kabla.

Kwa hiyo nilibisha. Nilimwambia Desemba si mbali.

"Kwako," akasema.

Nikaishusha.

Kuna jambo sikulifikiria mpaka kisu kilipogusa kizibo. Miaka yote kule stoo, alizilaza chupa za watu kwenye chumba cha baridi, kizibo kisikauke. Yake mwenyewe aliisimamisha kwenye kabati la vioo, juu ya kitambaa nilichofuma mimi, chini ya bati na joto la Majengo, ili kila mgeni aione. Nilipomuuliza zamani alinicheka: "Za kulala ni za kuuza. Hii ni ya kutazamwa." Hata Bi Rehema, mwenye nyumba wetu, aliiona siku tuliyohamia. Alisema maadamu haijafunguliwa ni pambo, ila siku ikifunguliwa atatafuta wapangaji wengine. Alitabasamu, lakini Bi Rehema hafanyi mzaha na dini yake.

Kizibo kilivunjika kama kitumbua cha jana. Kilichomiminika kilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Zamani kilikuwa na rangi ya asali, nakumbuka vizuri.

Nilimtilia kwenye kijiko cha chai. Akafumba macho, akakiweka ulimini, akangoja. Nami nikangoja.

"Sisikii kitu," akasema. "Maji matupu."

Tangu miale ya koo ulimi wake umekufa, na pua pia. Nilijua. Sijui kwa nini nilitumaini.

Kisha akanisukumia kijiko. "Onja wewe, unieleze."

Kanisani kwetu hatunywi. Sijawahi kuweka pombe mdomoni tangu nizaliwe. Nilikunywa.

Ilikuwa siki. Siki kabisa, ya kutia kachumbarini. Ilinikamata koo, na yeye ananitazama usoni.

Nikasema ni tamu, kama asali.

"Asali tu?"

Alitaka zaidi. Nikampa zabibu kavu za kwenye pilau. Nikampa ganda la chungwa. Nikampa embe.

"Embe gani?"

"Boribo."

"Limeiva?"

"Limepitiliza kidogo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea zawadi. Sijapata kusema uongo mzuri namna ile maishani mwangu, na sikuona haya.

Nilikuwa naziba chupa kwa kitambaa Bi Rehema alipopiga hodi nyuma ya pazia. Kila siku humletea mgonjwa dafu. Akaingia, akavuta pumzi mara mbili.

"Mama Mkawasi, leo mwatia achari na hamuniambii? Siki yanuka hata ukumbini!"

 Mbele yangu mwenye nyumba, nyuma yangu mume asiyeweza kunusa lakini mwenye masikio mazima.

Sauti yake ikatoka kitandani, ile ya kukwaruza iliyobaki.

"Achari, Bi Rehema. Ikiiva utaletewa."

"Basi msitie pilipili nyingi, meno yangu mwayajua." Akaweka dafu mezani, akamwombea dua, akatoka. Sijui ameelewa nini. Hakutaja wapangaji.

Nikamalizia kuziba chupa.

"Ulisema asali," akasema bila kunitazama.

"Ndiyo."

"Na boribo."

"Ndiyo, Baba Mkawasi."

"Basi iliyobaki iweke. Mkawasi akija Jumamosi mpe anywe hapa, nimwone. Naye anieleze."

Akageukia ukutani.

Nilikwenda kulia jikoni, karibu na ile sufuria.

Anajua ni siki. Anajua kwamba ninajua. Na bado anataka kuelezwa tena, na mtoto wake, sasa, kwa sababu Desemba hatakuwepo kumwona akinywa.

Mkawasi yuko Voi kazini na hana habari ya Jumamosi yoyote. Kila akipiga simu namwambia baba yako anaendelea vizuri. Juzi alinieleza rangi ya nguo za maharusi, nikamwambia zinapendeza, baba atazipenda.

Kesho nikishamsafisha mgonjwa nitatoka nje, mbali na dirisha, nimpigie. Nitaanza na Desemba. Akimaliza kulia nitamweleza ya chupa: kwamba imeharibika, kwamba baba yake anajua, kwamba anywe funda moja akimtazama machoni na asikunje uso.

Sijui kama jambo kama hilo mtu hufundishwa kwa simu.