Gauni la Bluu Msiliguse

Wanangu,

Mkitoka shule pasheni moto chakula, kiko kwenye sufuria. Mkubwa, mpe mdogo wako dawa ya kifua.

Niliwaambia nimeghairi operesheni ya kupunguza tumbo. Sasa nimeghairi kughairi. Leo asubuhi kitindamimba wangu alipiga magoti akanifunga kamba za viatu bila kuombwa, wala hakucheka. Mlipotoka tu, nikapiga simu hospitali. Nafasi yangu ya leo bado ipo.

Gauni la bluu lililo kwenye cherehani nimelishona kwa mwili nitakaokuwa nao mwakani. ~~Nisiporudi, mnivishe hilo.~~ Hapana. Nisiporudi, nivisheni lile pana la maua. Nataka mumzike mama mnayemjua.

Mama Bonge
(huwa nawasikia)