Kijiko cha Tatu

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Tanner,
Hull.
8 Novemba, 1942.

Mpendwa Mama Mdogo Hester,

Hujambo huko Kanada? Na miguu ya Baba Mdogo, imepata nafuu? Sisi hatujambo, mabomu yamepungua kidogo na paa bado liko juu yetu. Nakuandikia nikiwa nimevaa koti humu humu ndani, maana makaa siku hizi ni ya kuomba Mungu.

Mji umejaa mabango ya kubana matumizi. Usitupe maganda, usioge maji mengi, shona kilichotoboka. Nami nimejitolea kuyabandika, kwa hiyo mtaa ukinuna, mbaya wao ni mimi. Juzi jirani yetu Bi. Ogden aliniuliza, "Dorcas, na pumzi je, tuvute ngapi kwa siku?"

Sasa kuna hili la chai. Unakumbuka desturi ya Bibi: kijiko kimoja kwa kila mnywaji, na kimoja cha buli. Bango jipya linasema buli lisipewe kitu. Nimelibandika hata jikoni kwetu. Lakini Mama, na tuko wawili tu mezani, kila siku anaweka vijiko vitatu. Ikifika Alhamisi mgawo wetu wa chai wa wiki umekwisha.

Nilivumilia, Jumatatu nikashindwa. Nikamwambia, "Mama, mimi nahubiri huko nje, kumbe hapa nyumbani buli linakula kuliko watu."

Hakugeuka. Akasema, "Buli halijapata kitu tangu ubandike karatasi yako. Hicho cha Clement."

Tangu Juni, meli ya kaka ilipozama na wakuu wake wakatuandikia kwamba hajulikani alipo, mimi moyoni nilikuwa nimeshamzika. Kasisi amekuja mara mbili kuulizia ibada ya kumwombea marehemu, na wewe katika barua yako umeuliza tumeamuaje. Mama amemjibu Kasisi mlangoni, hata kiti hakumpa: "Siku nikipunguza kile kijiko, nitakuwa nimemzika kwa mkono wangu. Sipunguzi."

Basi ibada haipo. Bango nimeliacha palepale, kwani linasema kweli: kijiko kimoja kwa kila mtu. Aliyeacha chai ni mimi. Nakunywa maji ya moto, Mama ananicheka ninavyokunja uso, na mgawo sasa unafika Jumamosi.

Nisalimie Baba Mdogo, na Rosamund na watoto wake. Bi. Ogden naye anakusalimu, ingawa amenuna. Mungu awafunike huko mliko, na bahari iliyo kati yetu aitulize.

Uliuliza ututumie nini. Nilitaka kusema chai. Lakini tafadhali tuma nyuzi za sufu, nzito, za kijivu. Nataka kumfumia Clement soksi, na miguu yake unaijua ilivyo mikubwa.

Ni mimi mwanao, nikupendaye daima,
Dorcas