Kigelegele cha Mama Mdogo

Ujiji, Jumapili

Mpendwa dada Zaituni,

Hujambo? Nakuandikia nikiwa bado nanukia samaki, migebuka ya harusi. Mwezi uliopita Mama mdogo aliamka uso umepooza upande mmoja, kama marehemu Mama. Majirani wakasema ni upepo, apakwe mafuta. Yeye akaenda hospitali siku ileile. Daktari akamweleza kuwa utafiti umeonyesha dawa ya kutuliza uvimbe, ikianzwa mapema, husaidia mshipa wa uso kupona, naye akaianza siku hiyohiyo.

Jana binti yake aliolewa. Asubuhi nzima Mama mdogo alikaa kaziba mdomo kwa mkono. Bibi harusi alipotoka, wifi wa Mama mdogo akamtania, "Mama mzaa bibi harusi, au kigelegele tukakiazime kule Bangwe?"

Akauondoa mkono. Kikatoka, dada, kirefu, mpaka wavuvi ufukweni wakageuka.

"Mdomo ulikuwa safarini," akasema. "Sasa umerudi."

Nikamkumbuka Mama, alivyokunywa chai akijikinga mdomo kwa ncha ya kanga mpaka tulipomzika. Ukipita kaburini kwake, mwambie mdogo wake amepiga kigelegele. Nami unikumbuke.

Mdogo wako,
Asha