Uzito wa Ananie

Butembo, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025

Mama mkwe mpendwa Florentine,

Nakusalimu kwa heshima na kwa magoti. Nakuuliza kwanza habari za mgongo wako. Ile dawa ya kupaka niliyokutumia kwa mkono wa Jemima imekusaidia, ao bado unalala upande mmoja tu? Na baridi ya huko kwenu Masereka, bado inakuamsha kabla ya kengele ya misa? Hapa Butembo mimi ni mzima. Mvua imepungua na vumbi limerudi, asubuhi nafuta meza na jioni naifuta tena. Nakula, nalala. Watu wakiniuliza hali yangu najibu kwamba ni nzuri, na wakishaondoka naona kwamba sikuwadanganya wala sikuwaambia kweli.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako inashikwa na wajukuu, nao hupenda kufungua sauti mpaka majirani wote wasikie. Macho yako bado yanasoma kitabu cha misa, donc na barua hii yataisoma. Nakuomba uisome polepole, peke yako, ufike mwisho kabla ya kusema neno.

Najua shemeji Zorobabel amekwisha kukuambia. Aliniona Jumapili moja kwenye mlima ulio nyuma ya tanuru za matofali, mimi na nguo zangu nyeusi za kilio, ndani ya ile jeep pamoja na wanaume wawili, nikirushwa juu na chini kama mahindi ndani ya kikaango. Aliyoyaona ni kweli. Mais mwanzo wake hakuuona, na mwisho wake hata mimi nimeujua wiki hii tu.

Unamkumbuka Kitsa, mwalimu wa fizikia, aliyesoma na Ananie. Na Octave unamkumbuka, yule mrefu aliyetumwa hapa kutoka Kikwit kufanya kazi katika bureau ya serikali, anayechanganya Kilingala ndani ya kila sentensi. Hao wawili na Ananie mwanao ndio walionunua ile jeep ikiwa imekufa kabisa, majani yameota kwenye viti. Jumamosi waliifungua katika uwanja wetu, Jumapili baada ya misa waliijaribu mlimani. Waliinua mwili wake juu ya magurudumu makubwa, wakaweka bomba la hewa linalopanda mpaka kwenye paa ili iweze kuvuka maji, wakafunga mbele mashine ya kamba ya kujivuta katika tope. Walipomaliza jambo moja walipata lingine. Mimi nilipika maharagwe na kulalamika kwamba mafuta meusi yanaharibu ndoo zangu. Ananie aliosha mikono kwa Omo na mchanga, kisha akajipangusa kwenye kanzu yangu ya jikoni kana kwamba sikumwona. Jeep waliiita Embene, mbuzi, kwa sababu ilipanda mahali pa mbuzi na ilimeza pesa zao kama mbuzi anavyomeza karatasi.

Kila mtu alikuwa na mahali pake. Kitsa aliendesha. Octave alikaa mbele kutazama mawe na kupiga kelele. Ananie alikaa nyuma, upande wa kushoto, ameshika chuma cha paa. Kazi yake ilikuwa ni uzito. Gari likiinama kuume, yeye aliegemea kushoto, nalo likarudi. Kitsa alizoea kusema kwamba gari za wengine zina gurudumu la akiba, yao ina Ananie.

Mama, hili nalirudia kwa sababu linahusu yote. Siku ile alipokwenda Beni, wiki mbili kabla ya Pasaka, alikwenda kutafuta lame za nyuma, vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine vinavyobeba gari. Alinipigia simu kutoka sokoni kwamba amechagua zilizo ngumu kuliko zote, maana anajua ni nani atakayekaa juu yake. Wakati wa kurudi gari la abiria alilopanda lilipigwa risasi. Tulirudishiwa mwili, na siku ya pili tukarudishiwa zile lame, zimefungwa kwa kamba aliyozifunga yeye mwenyewe. Nakumbuka fundo lake. Alifunga kila kitu mara mbili.

Wala hujasahau jinsi gari lililombeba lilivyoshindwa na mlima wa kwenu, vijana wakapandisha sanduku mabegani katika tope, na wewe umesimama juu unangoja. Kitsa na Octave walikuwa chini ya sanduku lile. Ndipo walipoapa, bila kumwambia mtu, kwamba Embene atafika mpaka mlangoni pako.

Mwezi wa sita walizifunga zile lame. Jumapili iliyofuata walirudi kwangu na nyuso za watoto waliovunja sahani. Walikaa, chai ikapoa. Mwishowe Kitsa, akitazama kikombe, aliniuliza kama najua Ananie alikuwa na kilo ngapi. Octave alimkanyaga mguu. Kitsa alieleza kwamba lame ni ngumu mno kwa gari lisilo na mtu nyuma, jeep inaruka, magurudumu yanaacha udongo, na kwamba anaomba radhi lakini anahitaji hesabu.

Nilijua. Mwaka jana tulikwenda kununua viazi kwa Mama Mariette, yule anayeuza viazi vya Masereka sokoni. Ananie alipanda juu ya mizani yake na kuuliza bei yake. Mama Mariette alisoma kilo themanini na sita, viatu ndani, akasema hawezi kumnunua kwa bei hiyo, maana nusu ni maneno. Niliwaambia Kitsa na Octave habari hiyo nao wakacheka.

Walijaribu gunia la mchanga. Halikufaa. Gunia haliegemei, Mama. Gari likiinama kuume, gunia linaanguka kuume, linazidisha. Octave alirudi na jeraha kwenye kipaji cha uso. Nilipokuwa nikimwosha, nilisikia kinywa changu kinasema kwamba mimi najua kuegemea.

Octave alikataa. Alisema, “Belle-sœur, shemeji, bato batasema nini?” Nikamjibu kwamba hao bato wake, watu, wamekwisha kusema. Kitsa hakukataa wala hakukubali, alikuwa tayari anafanya hesabu. Mimi ni mwepesi kuliko Ananie, kwa hiyo tukaenda kwa Mama Mariette, nikasimama juu ya mizani pamoja na gunia la viazi, wakawa wanaongeza kimoja kimoja mpaka tukafika themanini na sita. Hivyo ndivyo nilivyopanda.

Sitakuambia kwamba nilifurahi. Tangu mazishi kila mtu alikuwa ananiambia nikaze moyo, nisali, nile, nisahau, nisisahau. Wale wawili walihitaji kilo zangu tu. Nilikaa mahali pake na gunia kati ya magoti, nikashika chuma cha paa, nikakuta rangi imetoka pale mkono wake ulipokaa. Vidole vyangu vilienea ndani ya alama ile na nafasi ikabaki. Gari likainama, nikaegemea, likarudi. Kitsa alipiga honi. Nilirudi nyumbani mgongo unauma, na usiku ule nililala bila kuamka.

Basi kila Jumapili nilikwenda. Kila Jumamosi Kitsa alitupima, mimi na gunia, kwa sababu mwalimu yule hawezi kuishi na kilo moja isiyo na maelezo. Ikawa wiki moja tumezidi. Akatoa viazi. Wiki nyingine tumezidi tena. Akatoa vingine. Octave aliniuliza kama naficha mawe mu kikwembe nilichojifunga. Sote tulijua kwamba nilikuwa nakula kama ndege. Kwa hiyo Kitsa akaamua kwamba mizani ndiyo mgonjwa.

Unawajua watu hao. Kitu kikiwatatiza, wanakifungua. Jumamosi iliyopita walimbembeleza Mama Mariette mpaka akachoka, wakafungua mizani yake katikati ya soko, wakapanga skrubu juu ya gunia, wakapaka mafuta ya injini kila mahali. Mama Mariette alisimama juu yao, mikono kiunoni. “Baba Kitsa,” alisema, “ukinifanya niibe hata kiazi kimoja, batu batanipiga mawe, na mimi nitakupiga weye.” Waliifunga, wakapima mfuko wa saruji usiofunguliwa. Hamsini kamili. Kisha nikapanda mimi na gunia. Ikasoma kama ilivyosoma kwanza.

Mama Mariette alinitazama kutoka usoni mpaka miguuni, akarudi juu polepole. Aliwaambia wanaume waende kutazama kama bei ya vitunguu imebadilika. Hawajanunua kitunguu tangu wazaliwe, lakini walikwenda. Aliniuliza ni lini nilikuwa katika siku zangu mara ya mwisho. Nilimwambia kwamba tangu kilio kila kitu ndani yangu kimesimama, na nilifikiri ndivyo kilio kinavyofanya. Alisema kilio kinasimamisha mengi, lakini hakiongezi kilo.

Jumatatu alinipeleka kwa Josée, muuguzi anayepima mama wenye mimba. Mama, nina mimba ya Ananie. Josée aliniwekea ile mashine ya picha akanionyesha mgongo wa mtoto, mdogo kama zipu ya mfuko. Alisema ilishika kabla ya Pasaka. Mtoto huyu ana umri kupita kilio chetu. Atafika karibu na Noeli.

Najua hesabu utakayofanya, kwa sababu mimi niliifanya kabla yako. Miaka yote tuliyokaa na Ananie hatukupata kitu. Ulituletea mizizi ya kuchemsha, ulitutolea misa, wala hukunitaja kwa ubaya mbele ya mtu hata siku moja. Sasa mwanao yuko kaburini, mimi nazunguka milimani na wanaume, na tumbo linatoka. Ningekuwa wewe, ningeuliza. Jibu langu ni hili tu: siku nilipopanda jeep mara ya kwanza, mwezi wa sita, mtoto alikuwa amekwisha kupanda pamoja nami, na mimi sikujua.

Zorobabel alinitumia neno kwamba siku ya kuondoa kilio familia itaamua kama nabaki katika nyumba ya Ananie ao narudi kwetu. Habari hii bado hajaijua. Katika familia, wewe ndiwe wa kwanza kuijua. Neno lako siku ile litakuwa la mwisho, kwa nyumba na kwa jina la mtoto.

Nilipowaambia Kitsa na Octave, Kitsa aliketi chini kando ya gurudumu. Alisema kwamba hesabu yake ilikuwa sawa tangu mwanzo. Kisha alinirudisha nyumbani polepole hata mlevi mmoja kwa miguu akatupita na kutusalimu. Josée amenikataza mlima, nami nimetii. Wale wawili walitaka kuja kuapa mbele yako. Octave alitaka hata kuleta muhuri wa bureau. Nimewakataza. Sitaki wanaume waapie tumbo langu kwa mama wa Ananie. Nimeona afadhali nikuandikie.

Sijalia, Mama. Sikulia kaburini, uliona. Kwa Josée pia sikulia, mpaka akanitazama vibaya. Ninakuambia haya yote kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Ila Jumanne nilikuwa naosha sahani, mtoto akacheza, nikabaki nimesimama na ile sahani mkononi mpaka maji yakapoa.

Kesho baada ya misa ya kwanza watapanda kwako, nao ndio wanaobeba barua hii. Ukiipokea na Embene amesimama mlangoni, ujue wametimiza. Ukiletewa na watu wawili wenye tope mpaka magotini, ujue amekwama chini, uwape chakula vilevile. Mahali pa Ananie wamefunga gunia zima la viazi kwa mkanda wake wa suruali. Ni viazi vya kwenu vinarudi kwenu, vipokee.

Kuna jambo moja nakuomba. Uzito wa mwisho wa Ananie hata soko zima linaujua. Josée ameniuliza ule wa kwanza: baba wa mtoto alizaliwa na kilo ngapi? Nilimwambia sijui, nitamuuliza aliyemzaa. Mwambie Kitsa, ataileta hesabu hiyo mpaka hapa bila kuangusha hata gramu. Kama hutaki kusema, walishe tu na uwaache washuke. Nitaelewa, na sitakuuliza mara ya pili.

Nisalimie Jemima na wote wa nyumbani. Usibebe maji wewe mwenyewe, mgongo huo si wa kuchezea. Ukipita kaburini, mng’olee majani upande wa juu, yanaota upesi. Wasingya, Mama, asante kwa yote ya nyuma.

Mke wa mwanao,
Kyakimwa